Mti wa Kwenye Simu

"Hebu n'ambieni, hizo pesa usiku zalala wapi?"

Swali hilo aliliuliza Bi Asya, jirani wa ua kwa ua, siku ilipogawanywa mirathi ya marehemu Mzee Jecha hapa Mgogoni. Hakuwa amealikwa. Alikuja kurudisha mbuzi ya kukunia nazi, akawakuta watu wamekaa kitako ukumbini na simu inapita mkono kwa mkono, naye akajikalia papo hapo mlangoni, mbuzi mapajani.

Watu walicheka. Shehe Zubeir, aliyeitwa kuja kugawa, alipapasa ndevu akaangalia chini. Aliyejibu ni Abdulnasir, mtoto wa marehemu kwa mke wa mwanzo, mwenye kazi ya ofisini mjini Chake Chake na nyumba inayojengwa Madungu.

"Hazilali, Bi Asya. Ndiyo uzuri wake huo. Siye tukilala, zenyewe zafanya kazi."

"Subhanallah! Hata malaika hawazidi hapo."

"Malaika hawaleti faida kila mwaka," akasema Abdulnasir, kisha akauona uso wa Shehe, akaongeza upesi, "astaghfirullah, natania."

Bi Mwatum, mjane, hakucheka. Eda yake ilikuwa imemalizika juzi tu na macho yalikuwa bado hayajazoea wageni. Simu ilipomfikia aliipokea kwa mikono miwili, kama apokeaye kifaranga, akazisoma tarakimu kwa kuzifuata na kidole. Milioni arobaini. Alijua kwamba mumewe alichukua kiinua mgongo chake cha bandarini, milioni kumi na tano, akakitia kwenye Mfuko wa Upeo, mfuko wa huko Bara unaokusanya pesa za watu wengi na kununua kwazo sehemu za kampuni za kompyuta ulimwenguni. Alijua hauna riba, maana Jecha alikwenda kuuliza kwanza. Alijua pia kuwa kila mwaka ukifunga, Mfuko huleta hesabu yake: mwaka huu tumepata hiki, mwaka huu tumepoteza hiki. Asichokijua ni kwamba ndani ya mwaka ule ule aliokufa mumewe, ile mali ilikuwa imekaribia kuzaa nyingine ya kadiri yake. Mwenyewe yumo kaburini, nayo inakua. Hakuna aliyeimwagilia, hakuna aliyeipalilia. Mwatum alihisi mwili unamsisimka, kama mtu aliyepita karibu na kitu kikubwa kisicho na sauti.

"Hakika Mola humruzuku mtu kwa mlango asioudhania," alisema kwa sauti ndogo.

Marehemu hakuacha vingi vya kuhesabu. Nyumba ilikuwa ya Mwatum mwenyewe, aliyopewa na babake, kwa hiyo haikuguswa. Kilichobaki ni mikarafuu nyuma ya kijiji, na hiyo mali ya kwenye simu. Warithi walikuwa watatu: Abdulnasir, Mwatum, na Rahma, binti aliyemzaa Mwatum na marehemu. Miti ilipimwa ilivyo siku hiyo, majani matupu, haina hata kikonyo, kwa kuwa mwaka wa nyuma ilizaa mpaka matawi yakakatika. Ikaandikwa milioni ishirini na nane, na kuna waliosema kuwa Shehe kaipendelea. Ya kwenye simu nayo ikaandikwa ilivyo siku hiyo. Mafungu yalipotoka, ikawa kama jambo lililopangwa: haki ya Abdulnasir ilikuwa karibu sawasawa na simu, na haki ya mama na binti karibu sawasawa na miti. Laki tatu na ushei zilizozidi wakasameheana.

"Na mie nipatieni kipande cha hiyo ya simu," alisema Mwatum. Alikuwa amelipanga neno hilo tangu alfajiri. "Hata kidogo. Miti mnipunguzie."

Abdulnasir alimtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma. "Mama mdogo, wewe hata bando huna. Ukitaka kujua faida ya mwaka utamuuliza nani, mkarafuu?"

Ukumbi mzima ukacheka, na Bi Asya akacheka zaidi ya wote, maana yeye huchekea chochote. Mwatum akacheka pamoja nao. Shehe akamuuliza kila mmoja, mbele ya mashahidi, kama karidhika. Kila mmoja akasema karidhika. Baadaye Rahma alimkuta mamake jikoni anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Moshi," alisema Mwatum. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mwaka ukazunguka, na mikarafuu ikalipa deni la mapumziko yake. Ilizaa kama iliyotukanwa. Mgogoni yote ilinuka karafuu. Zilianikwa juu ya majamvi, juu ya mapaa, juu ya kila kilichokuwa bapa, na watu walitembea kwa kuruka ruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Wachumaji walikuwa adimu. Vijana waliokuwa wakiombwa kwa salamu sasa waliombwa kwa chai na mikate, na bado waliuliza kwanza pishi moja inalipwa kiasi gani.

Mwatum alikaa uani na Rahma na Bi Asya wakichambua, makonyo upande mmoja, karafuu upande wa pili, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Kila mmoja wao alikuwa akihesabu moyoni. Rahma alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi Unguja. Karafuu hizi ndizo ada yake, na hapakuwa na nyingine. Zikikauka zikapimwa kituo cha kununulia karafuu, Rahma huyo bandarini na sanduku lake. Zikikosekana, nafasi apewe mwingine.

Hamdiya, mke wa Abdulnasir, aliingia uani bila ya kupiga hodi, jambo ambalo hajapata kulifanya. Alitoka katika ukoo wa kina Turki, Waarabu waliokuwa na mashamba zamani, watu ambao hata wakifilisika huendelea kukunja leso zao. Leo alikuwa na baibui lililopauka mabegani. Akasalimia, akaamkia, akakaa juu ya gunia tupu.

Bi Asya alimwangalia kutoka juu hadi chini akatua masikioni.

"Bi Hamdiya, masikio yako leo yamepumua."

Hamdiya akapeleka mkono sikioni. Tundu lilikuwa tupu, na la pili vilevile.

"Asya," alisema Mwatum, "kanitazamie maji jikoni."

"Maji yapi? Sikuona maji." Kisha akainuka akikung'uta makonyo. "Haya nakwenda. Kufukuzwa nako kuna adabu yake."

Hamdiya akangoja mpaka mlango wa jiko ulipovutwa, ingawa jiko la Mwatum lina ukuta wa makuti na mtu ndani yake husikia mpaka kuku akimeza.

"Mama, hesabu ya mwaka imetoka."

"Ya Mfuko?"

"Ya Mfuko. Zile arobaini, na dhahabu zangu alizouza akaongeza, na mkopo aliouchukua chama cha kazini kwao akaongeza. Zote pamoja zimebaki kumi na saba."

"Kumi na saba n'ni?"

"Milioni. Alizotia zilifika hamsini na tano."

Mwatum aliacha kuchambua. Karafuu moja ilikuwa baina ya vidole vyake, bado na kikonyo chake.

"Nani kaiba?"

"Hakuna aliyeiba, Mama."

"Zimeungua?"

"Haziungui."

"Sasa zimekwenda wapi?"

"Hazikwenda popote. Zimepungua tu. Nimemuuliza vivyo hivyo unavyoniuliza wewe. Kasema zile kampuni watu walizipenda sana, wakawa wanazinunua kwa bei ya mapenzi. Sasa mapenzi yamepoa. Kompyuta ziko pale pale, watu wao wako pale pale, lakini bei haipo."

"La ilaha illa Llah," alisema Mwatum. Aliona mbele ya macho yake kitu kama bahari inavyokupwa: maji hayakumwagika, hayakuteketezwa, ila ulipoogelea asubuhi sasa watembea kwa miguu. Ni nani aliyeyavuta? 

"Kesho anakuja na Shehe Zubeir," alisema Hamdiya. "Ataka mirathi igawanywe upya. Nimeona bora usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu."

Rahma akainua kichwa. "Igawanywe vipi? Karafuu ziko juu ya jamvi!"

"Nyamaza wewe," Mwatum alimwambia, kisha akamgeukia Hamdiya. "Na weye mwanangu, wataka n'ni?"

Hamdiya alichezea utomvu uliomganda kwenye baibui. "Mie nataka alale. Ni hilo tu, Mama. Mume wangu halali. Aamka kuitazama simu, ailaza kifuani, aamka tena. Mtoto akilia hasikii, ile ikilia asikia."

Kutoka jikoni, nyuma ya makuti, sauti ya Bi Asya ikaja bila ya kicheko hata kidogo:

"Basi ndivyo zilivyo. Hazilali, wala hazimwachi mtu kulala."

Hamdiya alipoondoka, Mwatum alimfungia karafuu kavu kidogo katika kitambaa, za kutia chai, kwa kuwa mgeni hatoki mikono mitupu. Hamdiya alizipokea kwa mikono miwili. Binti wa kina Turki, aliyeolewa kwa mkufu wa dhahabu wa mikato mitatu, akaona haya kwa karafuu za kutia chai.

"Umeona Mungu alivyo?" Bi Asya alirudi uani amejaa furaha hata hajui aiweke wapi. "Alikwambia huna bando! Kesho akija mwambie aitie chumvi simu yake aile. Wallahi mie nitakaa mlangoni, sitaki kuhadithiwa."

"Asya, uogope."

"Niogope n'ni? Sikuchukua cha mtu."

Mwatum alirudi kwenye karafuu zake. Alikuwa amengoja furaha nayo haikuja. Kilichokuja ni woga, tena si woga wa kesho. Alipomaliza kuswali adhuhuri alibaki juu ya msala, akakumbuka jinsi alivyoitaka ile simu mwaka jana, jinsi alivyolipanga neno lake tangu alfajiri, jinsi alivyolia. Dua yote ile ya kuomba apewe, na Mola akamnyima. Na yeye akanung'unika moyoni kwa muda mrefu kuwa kadhulumiwa. Kumbe alikuwa anavutwa nguo kutoka kwenye shimo, naye anapiga makelele kuwa anachaniwa nguo. Akasujudu tena, sijda isiyokuwa ya swala yoyote, na kipaji chake kikakaa chini mpaka Rahma akaja kuchungulia kama mamake yu mzima.

Siku ya pili walikuja baada ya alasiri. Abdulnasir alivaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi, akavivua mlangoni akavipanga sawasawa, kama anavyovipanga mtu asiyejua afanye nini na mikono. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Mwatum kwa kuinama, jambo alilokuwa halifanyi, na Mwatum akaitikia marahaba na moyo ukamuuma, kwa kuwa mgongo ule ni wa Jecha.

Bi Asya, kama alivyoapa, alikuwa mlangoni. Safari hii alikuja kuazima ile mbuzi.

Shehe Zubeir alikunywa kahawa yake kwanza. "Bi Mwatum, huyu mwanao ana maneno. Nimemwambia maneno yasemwe mbele ya mwenyewe."

"Nasikiliza, Shehe."

"Mama mdogo, sikuja kwa ugomvi," Abdulnasir alianza. "Nimekuja kwa haki. Ile miti ilipimwa mwaka wa mapumziko. Ilikuwa haina kitu, ikahesabiwa kama isiyo kitu. Huno ndio mwaka wa vuno, kila mtu aona. Sasa nyinyi mmepata miti yenye thamani kuliko tulivyoandika, na mie nimepata... nimepata pungufu ya tulivyoandika. Palitendeka makosa. Nataka tuhesabu upya, kila mmoja apate haki yake ya kweli."

"Makosa yalitendeka," alisema Shehe, "na mie nimo ndani yake." Akakiweka kikombe chini. "Nimelifikiri njia nzima. Watu wa Pemba tumekaa ukumbini humu, tumezaliwa chini ya mikarafuu, kisha twaipima miti mwaka wa mapumziko na hakuna asemaye neno! Hata mtoto wa chuoni ajua kuwa mti ukizaa mpaka ukavunjika tawi, mwakani usiutazamie. Twajua. Lakini siku ile macho yetu yote yalikuwa kwenye simu. Na ile simu nayo ilikuwa imezaa mpaka yavunjika tawi. Katika siye wote, nani aliyeuliza: je, hii nayo mapumziko yake lini?"

 Bi Asya alifungua mdomo akaufunga.

"Basi kama ni makosa yarekebishwe," Abdulnasir alisema.

"Yalikuwa makosa ya mizani zote mbili, mwanangu, na kila mtu akasema karidhika, na mashahidi wako hai. Mie sina nguvu ya kulivunja lililokwisha kwa ridhaa. Mwenye mali ndiye awezaye, kwa hiari yake." Akamgeukia Mwatum. "Waambaje?"

"Na ingepanda, kaka," Rahma alidakia, "mwaka huu ungekuja?"

"Wewe mtoto usinihoji!"

"Rahma!" Mwatum aliinua mkono. Kisha akaushusha, akautazama, umejaa weusi wa utomvu usiotoka hata kwa limau. "Swali lake ni la haki, Abdulnasir, lakini mie sina ulimi wa kuliuliza. Maana mie nami niliitaka. Wakumbuka? Niliomba kipande mkanicheka. Nikaenda jikoni nikalia. Si kwamba nilikuwa na akili kukushinda. Mngenipa, leo ningekuwa mie niliyekuja mlangoni kwako Madungu na mtandio wangu, kukuomba miti. Na sijui kama mlango ungefunguliwa."

Abdulnasir aliinamisha kichwa. "Ungefunguliwa, Mama mdogo."

"Inshaallah."

Hapo roho ya Mwatum ililainika kweli. Alimwona mwanamume huyu kama alivyokuwa mdogo, siku alipoolewa yeye na Jecha akamkuta mtoto aliyefiwa na mamake, hataki kula, amekaa juu ya mkarafuu wa nyuma ya kisima kutwa nzima mpaka babake alipopanda kumfuata. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Fungu lake yeye, si la Rahma, angempa nusu. Auze miti alipe mkopo wake, na kwa ada ya mtoto Mungu angefungua mlango mwingine. Akatanguliza neno jingine, kwa kutaka tu kupata pumzi.

"Nionyeshe hiyo simu kwanza. Nataka kuiona kama nilivyoiona mwaka jana."

Abdulnasir aliitoa mfukoni ikiwa tayari imewaka. Mwatum akaipokea kwa mikono miwili vilevile, akafuata tarakimu kwa kidole cheusi. Akarudia tena.

"Hii si aliyonitajia mkeo jana. Hii ni kumi na saba na laki nne na zaidi."

"Vipi?" Abdulnasir aliruka kutoka alipokaa, akaja kupiga magoti kando yake. Akatazama. Na Mwatum, aliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote ukumbini, akauona uso wake ukibadilika. Ngozi iliyokuwa imenyauka ilijaa damu. Macho yalifunguka kama ya mtu aliyeamshwa kwa jina lake. Ulikuwa uso mzuri, wa ujana, na ulimtisha.

"Imepanda! Tangu jana tu, laki nne! Mama mdogo waona? Imeanza kurudi. Wenyewe wasema, mwenye akili huongeza ikiwa iko chini. Nikipata hata miti mitano nikaiuza leo, nikatia zote sasa hivi, mwakani wakifunga hesabu..."

"Njiani uliniambia wataka kulipa mkopo," alisema Shehe Zubeir polepole.

"Nitaulipa. Mwakani nitaulipa wote, na dhahabu za Hamdiya, na ada ya Rahma nitailipa mie mwenyewe!"

Akakatiza hapo, kwa kuwa aliyaona macho ya ukumbi mzima.

Mwatum bado alikuwa ameishika simu. Haikuwa nzito kuliko kikombe. Humo ndani, alifikiri, mna watu wa nchi asizozijua, wanapenda na kuacha kupenda, maelfu kwa maelfu, na kila pumzi yao yafika mpaka hapa Mgogoni kwenye mkeka huu na kumgeuza mtoto wa Jecha rangi ya uso. Hakukichukia kitu hicho. Hakuona kuwa ni uovu. Alikiona kuwa ni kikubwa mno, kama radi ilivyo kubwa, na radi haina kosa; kosa ni la anayesimama juu ya paa na bakuli kuikinga. Subhana man khalaqa, ametakasika aliyeumba. Akaiweka simu juu ya mkeka taratibu.

"Miti sikupi," alisema.

"Mama mdogo..."

"Nisikilize, kisha utasema. Mingine si yangu, ni ya nduguyo, na hiyo sina ruhusa ya kuigusa hata nikitaka. Hii yangu nilikuwa nikupe nusu yake. Shehe, shuhudia, neno lilikuwa hapa." Akagusa midomo. "Lakini umenionyesha itakakokwenda. Itakwenda zilikokwenda dhahabu za mkeo. Sikupi mti ukautie mle."

Abdulnasir alikaa chini kwa visigino vyake. Mlangoni Bi Asya alivuta pumzi ya kusema, na Shehe, bila ya kumgeukia, akasema, "Bi Asya, hapana."

"Wachumaji hawapatikani mwaka huno," Mwatum aliendelea. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, kama anayepanga kazi za nyumba. "Ule mkarafuu wa nyuma ya kisima bado haujaguswa, kwa sababu ni mrefu na vijana wanauogopa. Umo katika fungu langu. Uchume. Utakachokichuma mwaka huno ni chako, ukianike hapa uani, ukapime kituoni kwa jina lako. Haulipi mkopo wako, najua, hata pembe yake haufiki. Lakini utaweza kwenda kwa wenzako wa chama na kitu mkononi. Sharti langu ni moja. Usimtie mtu. Uupande mwenyewe."

"Nipande mkarafuu?" Alisema kama mtu aliyeulizwa kama anakula udongo. "Mie? Watu wote wako nje, Mama mdogo. Kijiji kizima kiko nje."

"Kiko nje."

"Mie ni mtu wa ofisini. Watasema n'ni?"

"Watasema umepanda mkarafuu wa babako," alisema Shehe Zubeir. "Na mie nimesikia maneno mabaya kuliko hayo."

Nje, wachumaji wa jirani walikuwa wakiitana kutoka mti hadi mti, mmoja anamkejeli mwenzake kuwa kachuma majani matupu, na kicheko kikapita juu ya mapaa. Abdulnasir alikisikia. Alitazama mikono yake, laini, kucha zimekatwa vizuri. Akaitazama ya Mwatum. Akamtazama Rahma, na Rahma hakuyakwepa macho yake, ila midomo ilikuwa inamcheza kama ya mtu atakaye kulia naye hataki. Simu juu ya mkeka ikawaka yenyewe, ikazima.

Nyuma ya mlango, mahali Jecha alipokuwa akivitundika kila jioni, kilikuwapo kikapu cha ukindu kilichoshonwa mara mbili mpini, na upembo wa kuvutia matawi, kichwa chake kimelainika kwa kushikwa. Hakuna aliyevishusha tangu marehemu alipoondoka. Abdulnasir aliinuka. Ilionekana kuwa anakwenda mlangoni tu, na Bi Asya akakunja miguu kumpisha. Lakini alisimama pale, akanyoosha mkono, na upembo ukashuka na vumbi lake, kisha kikapu.

Akarudi hatua moja akaiokota simu. Mwatum alidhani ataitia mfukoni. Aliitia ndani ya kikapu, akakunja mikono ya kanzu yake iliyopigwa pasi hadi viwikoni, na upindo wake akaufunga kiunoni, fundo la pembeni, kama Jecha alivyokuwa akifunga.

Pale mlangoni viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimepangwa sawasawa, vikitazama barabarani. Alivipita. Akatoka kwa miguu mitupu kuelekea upande wa kisima.